Kuumba, Kuhuluku na Kutanuka: Historia ya Mawazo kuhusu Asili ya Ulimwengu Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu, ambao pia hujiita Warimi, pamoja na Wanyiramba na Wanyisanzu. Upande wa Mkalama, karibu na bonde la Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Na kusini, katika Manyoni, wanaishi Wagogo na jamii nyingine. Mtoto anayekulia mkoani humu hukutana na maelezo yasiyopungua matatu kuhusu asili ya ulimwengu. Ya kwanza ni ya wazee, yanayozungumzia jua, mvua na Muumba anayetajwa kwa jina la lugha ya nyumbani. Ya pili ni ya kanisani au madrasa. Ya tatu ni ya darasani, yanayosema kwamba ulimwengu una umri wa takribani miaka bilioni 13.8 na kwamba ulianza katika hali ya joto na msongamano mkubwa mno, kisha ukatanuka.

Mara nyingi maelezo haya huchukuliwa kuwa washindani watatu wanaogombea jibu la swali moja. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja kuu ni kwamba kila maelezo yalizaliwa kujibu swali lake, na kwamba sehemu kubwa ya mgongano unaoonekana leo imetokana na historia ya tafsiri: maswali tofauti yaliwekwa chini ya kitenzi kimoja cha Kiswahili, yaani kuumba, kisha yakafundishwa katika lugha tatu zisizokutanishwa. Hata hivyo, haidaiwi hapa kwamba mgongano wote ni wa maneno. Upo mmoja ulio halisi, nao unahusu umri wa dunia. Utajadiliwa katika sehemu ya tano.

Suala hili lina uzito wa namna mbili. Kwa mwanahistoria, kuna hatari ya kusoma kumbukumbu za Wanyaturu au Wanyisanzu kana kwamba ni nakala hafifu ya kitabu cha Mwanzo. Kwa mwalimu, kuna hatari ya kumlazimisha mwanafunzi kuchagua kati ya babu yake, imani yake na somo lake, ilhali uchaguzi huo, kwa sehemu kubwa, hauhitajiki.

2.0 Jua, Mvua na Kumbukumbu Zilizoandikwa

Mawazo ya kale ya Singida kuhusu ulimwengu yalipokezwa kwa mdomo na kwa matendo ya ibada. Yalipoanza kuandikwa, walioyaandika walikuwa wageni, na kila mmoja alikuja na maswali yake. Eberhard von Sick, afisa wa Kijerumani, alichapisha maelezo marefu kuhusu Wanyaturu wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Erich Obst, mwanajiografia wa Kijerumani, alipita Mkalama mwaka 1911 na kuandika kuhusu Wahadzabe. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen alikusanya hadithi nyingi za Wahadzabe na majirani zao. Baada ya uhuru, Marguerite Jellicoe, aliyefanya kazi na utafiti Singida katika miaka ya 1960, aliandika kuhusu sala za Wanyaturu kwa jua. Na Todd Sanders alichapisha mwaka 2008 kitabu kuhusu ibada za mvua za Wanyisanzu.

Katika kumbukumbu za Wanyaturu, Muumba huitwa Matunda. Msomaji wa Kiswahili anaweza kupotoshwa na sauti ya jina hili akadhani linahusu matunda ya mti. Asili yake ni kitenzi cha Kinyaturu chenye maana ya kutengeneza au kuunda. Jambo hili lina umuhimu wa kihistoria. Jina lililojengwa kutokana na kitenzi cha wenyeji, wala si la kuazimwa pwani, ni ushahidi kwamba wazo la kuwako kwa Mwenye kuunda halikuletwa na wamisionari. Lakini ushahidi huo una mpaka wake. Jina linatuambia kwamba yupo aliyeunda. Halituambii kwamba aliunda kutoka katika utupu, wala kwa siku ngapi, wala kwamba kuunda kwenyewe ndicho kitu walichokiona wenyeji kuwa muhimu kuliko vyote.

Tukiangalia ibada zenyewe, tunaona kwamba uzito ulikuwa mahali pengine. Sala zilielekezwa kwa jua linapochomoza, kwa kuwa jua ndilo lililoonekana kila siku kama dhihirisho la uwezo ule. Miongoni mwa Wanyisanzu, ibada kuu zilihusu mvua. Zilisimamiwa na watawala wawili wa ukoo wa Anyampanda, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, kwenye makao yao ya Kirumi. Sanders anaonyesha kwamba msingi wa ibada hizo ni wazo kwamba nguvu ya kiume na nguvu ya kike lazima ziungane ndipo mvua inyeshe, mazao yaote na uhai uendelee. Kwa Wahadzabe, jua huitwa Ishoko na mwezi huitwa Haine, nao hutajwa katika hadithi kama watu wenye uwezo mkubwa. Na ngoma takatifu ya epeme huchezwa gizani, katika usiku usio na mwezi.

Mifano hii inaonyesha swali lililotawala. Katika nchi kame ambayo mvua ikichelewa njaa huingia, swali kubwa halikuwa ulimwengu ulianza lini. Lilikuwa: ulimwengu unaendelezwaje? Uumbaji haukuhesabiwa kuwa tukio lililokwisha zamani, bali kazi inayorudiwa kila msimu. Hata jina la Kiswahili la kundi la nyota la Kilimia linatokana na kulima: mtu aliitazama anga ili ajue wakati wa kushika jembe. Kwa hiyo mtafiti anayefika na swali la mwanzo wa ulimwengu na kupata jibu fupi asihitimishe kwamba wenyeji hawakufikiri. Huenda swali lake halikuwa lao.

3.0 Kitenzi Kuumba na Tatizo la Tafsiri

Hatari ya swali lisilo la wenyeji ilielezwa vizuri na Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika maandiko ya wasomi wa Magharibi. Anasimulia jinsi mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha ya Waacholi haikuwa na neno linalobeba wazo la kuumba kama walivyolielewa mapadri, swali likageuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Swali hilo nalo halikuwa na maana kwao, kwa kuwa watu huzaliwa na mama zao, na wazee wakajibu kwamba hawajui. Waliposhinikizwa zaidi, mmoja alikumbuka kwamba kuna nguvu inayofinyanga migongo ya watu hata wakawa vibyongo. Jina la nguvu hiyo ya ugonjwa ndilo lililochukuliwa kuwa jina la Mungu.

Kisa hiki si cha Singida, ila kinamulika tatizo la Kiswahili pia. Kitenzi kuumba kina maana mbili ndani yake. Mfinyanzi huumba chungu kwa udongo uliokuwapo. Mungu, kwa mafundisho ya Kikristo na ya Kiislamu, huumba pasipo kuhitaji kitu kilichotangulia. Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, na wafasiri waliomfuata hadi Biblia ya muungano wa Kiswahili ilipotoka mwaka 1952, walihitaji maneno ya kubeba fundisho hilo. Kuumba ndicho kitenzi kilichoimarika. Kilifaa, kwa sababu sura ya pili ya Mwanzo yenyewe inaeleza mtu aliyefanyizwa kwa mavumbi ya ardhi. Lakini kilificha tofauti kati ya kupanga kilichopo na kukileta kisichokuwapo.

Waislamu walikuwa na njia ya pili. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupokea kutoka Kiarabu kitenzi kuhuluku, ambacho hutumika kwa kazi ya Mungu na si kwa kazi ya mfinyanzi. Hata hivyo, tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilishwa mwaka 1969 na kuenea Afrika Mashariki kote, ilikusudiwa kueleweka na msomaji wa kawaida, na neno kuumba na jina Muumba ni ya kawaida pia katika mafundisho ya misikitini. Hivyo Mkristo na Mwislamu wa Singida hujikuta wakitumia kitenzi kimoja, na mzee wa Kinyaturu anapomfafanulia mgeni maana ya Matunda kwa Kiswahili, naye hana budi kutumia kitenzi hichohicho.

Mkoani Singida mchakato huu ulifuata njia zinazojulikana. Uislamu ulifika pamoja na biashara ya misafara iliyopita Mgunda Mkali kuelekea Unyamwezi, kisha ukakua katika vituo na miji. Walutheri wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita, katika miaka ya 1920, kazi ilichukuliwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Wakatoliki nao walijenga misheni, mashuhuri zaidi ikiwa Makiungu, na Jimbo Katoliki la Singida likaundwa mwaka 1972. Katika njia zote hizi Kiswahili kilikuwa lugha muhimu ya mafundisho. Kadiri Mungu, Muumba na uumbaji vilivyozoeleka kama istilahi za pamoja, ndivyo maswali ya jua na mvua yalivyosogezwa pembeni, yakaitwa mila.

4.0 Padri wa Ubelgiji na Neno Mlipuko

Inadhaniwa mara nyingi kwamba maelezo ya kisayansi kuhusu mwanzo wa ulimwengu yalitungwa na watu waliotaka kumwondoa Mungu. Historia inaonyesha kinyume. Mwaka 1927, katika miaka ileile ambayo Walutheri wa Augustana walikuwa wakijiimarisha Iramba, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba milinganyo ya Albert Einstein inaruhusu ulimwengu unaotanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyojitenga nasi kwa kasi zaidi. Mwaka 1931 Lemaître alikwenda hatua moja mbele: ikiwa ulimwengu unatanuka, basi tukirudi nyuma katika wakati tutafika kwenye hali moja ya msongamano mkubwa, ambayo aliilinganisha na atomu moja ya mwanzo.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walipendekeza ulimwengu usio na mwanzo, ambao maada mpya huzaliwa ndani yake polepole kadiri unavyotanuka. Ni Hoyle huyo, katika matangazo ya redio ya BBC mwaka 1949, aliyelibandika wazo la upande wa pili jina la mshindo mkubwa. Jina lililotolewa na mpinzani likashika. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao huko New Jersey ilikuwa ikipokea mnururisho hafifu kutoka kila upande wa anga. Mnururisho huo ulieleweka kuwa mabaki ya joto la ulimwengu mchanga, na tangu hapo wanasayansi wengi waliachana na nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo.

Kiswahili kilipokea wazo hili kwa jina la mlipuko mkuu. Istilahi hii inahitaji kuchunguzwa kwa makini kama tulivyokichunguza kitenzi kuumba. Mlipuko, kwa msemaji wa Kiswahili, ni wa baruti au wa bomu: hutokea mahali fulani, hutawanya vipande katika nafasi iliyokuwapo, na matokeo yake ni uharibifu. Nadharia yenyewe haisemi hivyo. Inasema kwamba nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka, kwamba hakuna kitovu kimoja cha tukio, na kwamba kilichofuata ni kupoa na kuundika kwa maada, nyota na galaksi. Mwanafunzi anapouliza itakuwaje mlipuko ulete mpangilio, hapingi sayansi. Anapinga neno, na pingamizi lake ni la haki. Kutanuka lingekuwa neno aminifu zaidi kuliko mlipuko.

Lemaître mwenyewe aliona mapema hatari ya kuchanganya maswali. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoonekana kuitazama nadharia mpya kama uthibitisho wa uumbaji. Lemaître hakufurahia. Msimamo wake, aliourudia mwaka 1958 katika mkutano wa Solvay, ni kwamba nadharia yake inabaki nje ya swali lolote la kidini: mwamini na asiyeamini wote wanaweza kuipokea. Sababu yake ina uzito kwa dini kuliko hata kwa sayansi. Nadharia ya kisayansi inaweza kurekebishwa kesho kwa vipimo vipya. Imani iliyofungwa kwenye nadharia itatikisika pamoja nayo.

Onyo hilo linahusu pia hoja zinazosikika katika mihadhara ya Kiislamu, hasa tangu kitabu cha daktari Mfaransa Maurice Bucaille cha mwaka 1976, kwamba aya ya 30 ya sura ya 21 ya Kurani, inayotaja mbingu na ardhi kuwa zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, ilitabiri nadharia ya kutanuka. Msukumo wa hoja hiyo ni uleule wa hotuba ya 1951. Anayeitoa hudhani anaipandisha hadhi aya, kumbe anaifanya itegemee chombo cha kupimia.

5.0 Mwamba wa Itale na Swali la Umri

Hadi hapa imeonyeshwa kwamba sehemu kubwa ya mgongano ni ya istilahi. Kwa upande wa umri wa dunia, haiwezekani kusema hivyo. Mwaka 1650 askofu James Ussher wa Ireland alichapisha hesabu iliyotokana na vizazi vya Biblia, akaweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hesabu ya namna hiyo bado inafuatwa na baadhi ya wahubiri. Sayansi, kwa upande wake, inaipa dunia umri wa miaka takribani bilioni 4.5. Tofauti hii haiondolewi kwa kubadili kitenzi. Yote mawili yanajibu swali moja, la lini, na hayawezi kuwa kweli pamoja.

Singida ina ushahidi wake katika jambo hili. Miamba ya itale inayochomoza katika mji wa Singida na kandokando ya maziwa ya Singidani na Kindai ni sehemu ya kitalu cha kale cha gamba la dunia ambacho wanajiolojia hukiita kratoni ya Tanzania. Umri wa miamba ya kratoni hiyo, unaopimwa kwa kuchunguza jinsi elementi zenye mnururisho zinavyogeuka kuwa elementi nyingine kwa kasi inayojulikana, unazidi miaka bilioni 2.5. Ushahidi mwingine ulianguka kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938 huko Ivuna, kusini magharibi mwa Tanzania. Kimondo cha Ivuna ni cha aina adimu sana, ambayo mchanganyiko wake wa elementi, ukiacha gesi nyepesi, unakaribiana mno na ule wa jua; kwa sababu hiyo wanasayansi hukitumia kama kipimo cha maada iliyounda jua na sayari zake.

Hata hapa, mgongano ni kati ya sayansi na namna moja ya kusoma andiko. Kanisa Katoliki na Walutheri wengi hawaifanyi hesabu ya Ussher kuwa fundisho la imani, na Kurani haitoi orodha ya vizazi vya kukokotolea umri wa dunia. Maelezo ya wazee wa Singida hayagongani na umri wa mwamba kwa sababu hayakuwahi kuupima. Ni muhimu mwalimu na mtafiti waseme wazi mgongano uko wapi, ili usisambazwe mahali usipokuwapo.

6.0 Lugha Tatu za Darasani

Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na Kiingereza kimebaki lugha ya sekondari. Matokeo yake kwa mada hii hayajapewa uzito wa kutosha. Mwanafunzi wa Singida husikia habari za jua na mvua kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kinyisanzu. Husikia habari za uumbaji kwa Kiswahili, pamoja na Kiarabu kwa aliyepita madrasa. Na anapofikia habari za nyota katika somo la fizikia, huzipata kwa Kiingereza. Lugha ya tatu ndiyo ya mtihani. Maarifa hayo matatu hayakutanishwi katika lugha moja ambamo yangeweza kuulizana maswali.

Katika hali hiyo mwanafunzi mwerevu hujifunza kuyatenga. Huandika jibu la mtihani na kulisahau, hukiri imani bila kuihoji, na huona aibu kutaja jina la Matunda. Haya si mapatano kati ya sayansi na dini. Ni ukimya. Hasara yake ni kwamba maswali mazuri, kama lile la mlipuko kuleta mpangilio, hufa kabla ya kuulizwa kwa sauti.

Kiswahili kina uwezo wa kuvunja ukimya huo. Msamiati wa msingi upo: galaksi, sayari, kimondo, mnururisho, maada, mfumo wa jua. Kinachopungua ni kutenganisha maana pale ambapo historia ya tafsiri ilizichanganya. Mwalimu anaweza kutumia kuumba kwa kazi ya Muumba, kuundika kwa mchakato wa nyota na sayari, na kutanuka kwa badiliko la nafasi yenyewe. Tofauti ya vitenzi hivi vitatu inatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba swali la nani, swali la vipi na swali la lini hayalingani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia maelezo ya asili ya ulimwengu mkoani Singida kwa kuzingatia maneno yaliyoyabeba. Imebainika kwamba mapokeo ya wenyeji yalijali zaidi kuendelezwa kwa ulimwengu kuliko kuanza kwake. Kwamba kitenzi kuumba kiliyakusanya mawazo tofauti chini ya paa moja. Na kwamba nadharia ya kisayansi, iliyoasisiwa na padri, ilifika ikiwa imevikwa jina la mpinzani wake. Mgongano halisi unabaki kwenye umri wa dunia, na hauna sababu ya kupanuliwa zaidi ya hapo.

Kwa watafiti, matokeo haya yana dai moja la kimbinu. Anayekusanya simulizi za asili ya ulimwengu katika Singida aandike jibu kwa lugha lililotolewa, na aandike pia swali kwa lugha liliyoulizwa. Bila swali hilo, msomaji hawezi kujua kama aliyejibu ni mzee au ni kitenzi cha mgeni. Wazee wanaoweza kueleza sala za jua na ibada za mvua kwa maneno ya awali wanapungua kila mwaka, na kazi hiyo haiwezi kungoja.